Gari Lisiloona Gizani Lisiachiwe Barabara

Katikati ya Desemba, jua huzama Sutton Coldfield, kaskazini mwa jiji la Birmingham nchini Uingereza, kabla ya saa kumi jioni. Shule nyingi huwa zimewaruhusu wanafunzi nusu saa tu kabla ya hapo. Watoto waliovaa makoti meusi huelekea makwao Boldmere, Walmley na Mere Green mwanga ukiwa umekwisha fifia, manyunyu yanaanguka, na lami iliyolowa inarudisha taa za magari machoni mwa madereva. Saa chache baadaye ni zamu ya wauguzi wa usiku kuingia Hospitali ya Good Hope. Katika hospitali za Uingereza siku hizi, wauguzi hao ni pamoja na Wakenya waliofika baada ya makubaliano ya mwaka 2021 kati ya nchi hizo mbili.

Kwenye barabara kama hizo ndiko Uingereza inakotaka kuleta magari yasiyo na dereva. Sheria ya Magari Yanayojiendesha iliidhinishwa na Mfalme tarehe 20 Mei 2024. Juni 2025 serikali ikatangaza kwamba haitasubiri sheria hiyo ianze kufanya kazi kikamilifu mwaka 2027: teksi na mabasi madogo yasiyo na mtu kwenye usukani yangeruhusiwa kwa majaribio kuanzia majira ya kuchipua ya 2026. London hutajwa kwanza, lakini Birmingham nayo haiko nyuma. Mradi wa Midlands Future Mobility umeandaa zaidi ya kilomita 300 za barabara za kawaida, za mjini na za mashambani, kati ya Birmingham na Coventry na viunga vyake, ili magari ya aina hii yajaribiwe humo. Na kiwanda cha Castle Bromwich, kilichounda ndege za Spitfire wakati wa vita na magari ya Jaguar baadaye, kiko jirani kabisa na Sutton upande wa kusini.

Sheria inadai gari lifikie, au lizidi, usalama wa dereva wa kibinadamu aliye mwangalifu na stadi. Ni kipimo kinachosikika cha haki. Kasoro yake ni kwamba dereva mwangalifu naye haoni gizani. Akimgonga mtu kwenye barabara isiyo na taa, huku mwendo wake ni wa halali na macho yako mbele, watu husema hakuwa na la kufanya. Mashine haina udhuru huo. Vifaa vya kuona yale ambayo jicho haliyaoni vimekuwapo kwa miongo kadhaa, sasa vimepungua hadi kuenea kwenye kiganja, na bei yake inateremka. Gari lolote linaloomba kujiendesha lilazimishwe kuvibeba, na mwenye gari hilo athibitishe hadharani kwamba linamwona kila mtu, wa rangi yoyote na wa kimo chochote, usiku wa manane kama adhuhuri.

Kifaa kinachozungumziwa ni kamera ya spektra nyingi. Jicho la binadamu hupokea mwanga wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 400 hadi 700, yaani kuanzia zambarau hadi nyekundu. Kamera ya kawaida ya gari imetengenezwa kuiga jicho hilo. Juu ya kila pikseli ya chipu yake kuna kichujio kidogo cha rangi nyekundu, kijani au buluu, vilivyopangwa kama ubao wa drafti kwa mtindo ambao Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak aliupatia hataza mwaka 1976. Mwanga uliobaki nje ya rangi hizo tatu, ambao ni mwingi mno, hutupwa.

Kwamba mwanga huo uliobaki upo ilijulikana zamani. Mwaka 1800 William Herschel, mwanamuziki aliyegeuka kuwa mwanaastronomia, alipitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo cha pembe tatu huko Slough na kuweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto alichokiweka kando ya nyekundu, mahali ambapo macho hayakuona chochote, ndicho kilichopanda zaidi. Alikuwa amegundua miale ya infraredi.

Eneo la Birmingham lenyewe lina historia ndefu na mawimbi yasiyoonekana. Februari 1940, John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliwasha magnetroni yao ya kwanza, kifaa kilichowezesha rada ndogo yenye nguvu kuingia ndani ya ndege. Tarehe 17 Desemba 1949, BBC ilifungua Sutton Coldfield mtambo wake wa kwanza wa kurusha televisheni nje ya London, na mlingoti wa hapo Roughley ungali unarusha matangazo hadi leo. Chuo hichohicho cha Birmingham kimeshirikiana na Jaguar Land Rover katika utafiti wa rada za magari za masafa ya juu zaidi, zinazoweza kuchora umbo la kitu badala ya kusema tu kwamba kuna kitu. Kwa hiyo madai ya kuwa gari liongezewe macho si ndoto iliyoletwa kutoka mbali. Ujuzi uko hapohapo, mwendo wa nusu saa.

Afrika Mashariki nayo si mgeni katika jambo hili. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza anga kwa miale ya eksirei. Miaka miwili baadaye Marekani ikarusha Landsat ya kwanza, iliyotazama dunia kwa bendi nne, mbili zikiwa za infraredi ya karibu. Kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975, kimekuwa kikitumia picha za satelaiti za namna hiyo kufuatilia mashamba, misitu na ukame. Mtaalamu wa kilimo anajua kwamba jani lenye afya hung'aa sana mara tu mwanga unapovuka nanomita 700, wakati jani linalonyauka hufifia, ingawa macho yanayaona yote mawili kuwa ya kijani. Elimu hiyo iliyotumika kutenganisha shamba lenye afya na linalonyauka kutoka angani ndiyo inayotakiwa sasa kutenganisha mtoto na kichaka kutoka mita 50.

Kila bendi ina kazi yake, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kwenye infraredi ya karibu, kati ya nanomita 700 na 1,000, rangi nyingi zinazotumika kutia vitambaa weusi hupoteza nguvu. Koti jeusi la mwanafunzi au buibui, vinavyomezwa na giza machoni mwa dereva, mara nyingi huonekana vyeupe au vya kijivujivu. Ukisogea hadi infraredi ya mawimbi mafupi, kuanzia nanomita 1,000 hadi 1,700, maji huanza kujitangaza. Karibu na nanomita 1,450 maji hunyonya mwanga kwa nguvu, nayo barafu hunyonya kwa namna tofauti kidogo. Kamera inayolinganisha bendi mbili au tatu za eneo hilo inaweza kutofautisha lami kavu, lami iliyolowa na ile barafu nyembamba ambayo dereva wa Uingereza huitambua gari likiwa limeshaanza kuteleza. Mbali zaidi, kati ya mikromita 8 na 14, hakuna tena haja ya taa: kila chenye joto hutoa mwanga wake chenyewe. Mtu, ng'ombe, mbwa, injini iliyotoka kuzimwa, vyote hujionyesha gizani kwa joto lao.

Lipo jambo moja la kifizikia ambalo kila msomaji mweusi anapaswa kulijua. Rangi ya ngozi ni suala la melanini, na melanini hunyonya sana mwanga unaoonekana, hasa upande wa buluu. Kadiri mawimbi yanavyorefuka, uwezo wake hupungua. Ukivuka nanomita 1,000 hivi, ngozi ya Mskoti na ya Mluo huanza kufanana. Kufikia 1,450 ngozi zote huonekana nyeusi, kwa kuwa zote zina maji. Na kwenye bendi ya joto, ngozi ya binadamu hutoa takriban asilimia 98 ya mnururisho ambao kitu cheusi kabisa cha kinadharia kingetoa kwa joto lilelile, bila kujali mwenye ngozi hiyo ametoka Uswidi au Sudan Kusini.

Kwa nini hilo lina uzito? Kwa sababu kamera za kawaida, pamoja na programu zinazozitafsiri picha zake, zimeshapimwa na kukutwa na upungufu. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha Georgia Tech nchini Marekani walijaribu programu za kutambua watembea kwa miguu na kukuta kwamba watu wenye ngozi nyeusi walitambuliwa kwa usahihi mdogo, tofauti ikiwa pointi tano za asilimia kwa wastani. Si kila utafiti uliofuata umekuta pengo hilohilo. Lakini uchunguzi wa King's College London na wenzao wa China mwaka 2023, uliopima programu nane, ulikuta pengo jingine lililo kubwa zaidi: watoto walitambuliwa vibaya kuliko watu wazima kwa karibu asilimia 20. Mtoto mweusi aliyevaa koti jeusi jioni ya Desemba hukutana na udhaifu wote huo kwa wakati mmoja.

Giza peke yake linatosha kuharibu mambo. Mwaka 2022 taasisi ya bima za barabarani ya Marekani, IIHS, ilichunguza magari yenye breki zinazojifunga zenyewe yanapomwona mtembea kwa miguu. Kwa jumla, breki hizo zilipunguza ajali za kugonga watu kwa asilimia 27. Barabara isipokuwa na taa, hapakuwa na tofauti yoyote kati ya gari lenye breki hizo na lisilo nazo. Kifaa ambacho mteja amekilipia kilifanya kazi palepale ambapo hata dereva angeona, kikashindwa mahali alipokihitaji.

Taasisi hiyohiyo ilirudi Januari 2025 na matokeo yanayowagusa moja kwa moja waendesha bodaboda wa Kampala, Nairobi na Mwanza wanaotakiwa kuvaa jaketi zenye mistari inayoakisi. Ilisimamisha sanamu la mtu barabarani usiku na kulivalisha nguo mbalimbali, zikiwamo zenye mistari ya kuakisi kama za wafanyakazi wa barabarani. Magari mawili kati ya matatu yaliyojaribiwa, Honda CR-V na Mazda CX-5, yalizidi kushindwa pale sanamu lilipovaa nguo za kuakisi. Mtu anafuata kila ushauri wa usalama, anajifanya aonekane na kila binadamu mwenye macho, na mashine inamgonga, pengine kwa sababu mng'ao wake haufanani na picha ilizofundishwa. Hapo hakuna lawama ya kumtupia mwenda kwa miguu.

Watetezi wa kamera za kawaida wana hoja yao, na ni ya kusikilizwa. Binadamu huendesha gari kwa macho mawili tu, wanasema; kompyuta yenye kamera nane na akili ya kutosha itafanya vizuri zaidi. Tesla ilianza kuondoa rada katika magari yake mwaka 2021 kwa fikra hiyo. Lakini Oktoba 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi uliohusu magari ya kampuni hiyo yapatayo milioni 2.4, baada ya ajali nne zilizotokea mfumo wake wa kujiendesha ukiwa umewashwa huku jua linapiga usoni, kuna ukungu au vumbi limetimka. Katika mojawapo, mtembea kwa miguu alifariki. Vumbi lililotimka! Dereva wa barabara za udongo za Afrika Mashariki anajua kwamba hiyo si hali ya dharura bali ni safari ya kila siku.

Upande wa pili pia una somo lake, na ni kosa kulificha. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018 huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimuua Elaine Herzberg, mwanamke wa miaka 49 aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Gari lile halikukosa vihisi: lilikuwa na lida (kihisi kinachopima umbali kwa miale ya leza), rada na kamera. Rada yake ilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumfikia. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ilieleza kwamba programu ilibadilisha mawazo mara kadhaa, ikimwita mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na haikuwa imetengenezwa kutarajia mtu anayevuka pasipo na kivuko. Msimamizi aliyekaa kwenye usukani alikuwa akitazama simu. Kwa hiyo kamera za spektra nyingi zisiuzwe kama hirizi. Programu mbovu itapuuza hata ushahidi bora. Hata hivyo katika kisa hiki, bendi ya joto ingekuwa na taarifa ambayo umbo peke yake halikuitoa: kwamba kile kitu kilichoshindikana kupewa jina kilikuwa na joto la kiumbe hai. Mbele ya kiumbe hai gari halina haja ya kutafuta jina kabla ya kufunga breki.

Sababu iliyozuia jambo hili kwa muda mrefu ni gharama na ukubwa, si ujinga. Cadillac iliuza gari lenye kamera ya joto kwa modeli ya mwaka 2000. Honda ilileta Japani mwaka 2004 gari la Legend lililoweza kumtambua mtembea kwa miguu gizani na kumwonya dereva. BMW ikafuata mwaka uliofuata. Vyote hivyo vilikuwa vifaa vya ziada vya magari ya matajiri. Kamera za spektra nyingi za maabara nazo zilikuwa na gurudumu la vichujio linalozunguka mbele ya lenzi, bendi moja baada ya nyingine. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, picha ya bendi ya kwanza na ya tano huwa ni za mahali tofauti.

Maendeleo yaliyobadilisha hesabu yamefanyika ndani ya chipu. Imec, kituo cha utafiti kilichoko Leuven, Ubelgiji, kilionyesha jinsi ya kuweka vichujio vyembamba vya bendi nyingi moja kwa moja juu ya pikseli, kiwandani, ili bendi zote zipigwe kwa mpigo mmoja. Kwenye mawimbi mafupi, ambako silikoni ya kawaida inakuwa kipofu baada ya nanomita 1,100 hivi na vihisi vya indiamu na galiamu hugharimu maelfu ya pauni, wahandisi sasa wanapaka juu ya silikoni tabaka la chembe ndogo mno ziitwazo nukta za kwanta zinazopokea mwanga huo. Kampuni kubwa ya chipu za magari, onsemi, ilinunua mwaka 2024 kampuni iliyobobea katika kazi hiyo. Vihisi vya joto navyo vimefikia pikseli za mikromita 12. Watafiti wa KAIST nchini Korea Kusini walichapisha mwaka 2015 jozi 95,000 za picha za barabarani, moja ya rangi na moja ya joto, zilizopigwa kutoka tundu moja kwa kutumia kioo kinachogawa mwanga ili zilingane pikseli kwa pikseli. Picha hizo zimetumika tangu wakati huo kufundishia programu duniani kote.

Na kuna walioshaanza. Teksi za Zoox, zilizofungua huduma kwa umma Las Vegas Septemba 2025, hubeba kamera za joto pamoja na lida, rada na kamera za kawaida. Kampuni hiyo haikuzifunga kama pambo.

Vikwazo vilivyobaki ni vya kweli. Kioo cha kawaida huzuia kabisa miale ya joto, hivyo kamera ya joto haiwezi kujificha nyuma ya kioo cha mbele. Lazima ikae nje, kwenye matope na theluji, na isafishwe. Lenzi zake nyingi zinatumia jerimani, madini ambayo China inaongoza kuyazalisha na ambayo iliyawekea masharti ya kuuzwa nje Agosti 2023. Ukigawanya mwanga kwa bendi nyingi, kila bendi inapata mwanga kidogo, na hilo huuma zaidi usiku, wakati ambao mwanga ni haba tangu mwanzo. Mhandisi atalazimika kuchagua bendi chache zenye maana kuliko nyingi za kujivunia.

Kikwazo kingine hakiwezi kugunduliwa Sutton Coldfield hata gari lijaribiwe humo miaka kumi. Katika mji ambao jioni ya baridi ina nyuzi joto tano, mwili wa mtu hung'aa kwenye kamera ya joto kwa sababu kila kilichomzunguka ni baridi. Ngozi ya binadamu kwa nje ina nyuzi joto 33 hivi. Lodwar saa nane mchana, hewa yenyewe imeshafika hapo na lami imepita mbali. Mtu anageuka doa la baridi kwenye mandhari ya moto, na kuna saa za siku ambapo joto lake na la barabara hulingana na anapotea kabisa kwenye picha. Hali hiyohiyo inawakabili wafanyakazi wengi wa Afrika Mashariki walioko Ghuba, wakiwa Maskati, au Abu Dhabi ambako Uber na WeRide walianza huduma ya teksi zinazojiendesha Desemba 2024. Kwa hiyo anayesema kwamba kamera ya joto peke yake itamaliza tatizo amelipima kwa hali ya hewa ya kwao. Hoja ya spektra nyingi ni kwamba bendi moja inapozidiwa, nyingine ishike: mawimbi mafupi mchana wa Lodwar, joto usiku wa Sutton, rada kwenye barabara ya vumbi.

Wapo watakaoona kwamba mjadala huu ni wa Waingereza na unaweza kusubiri. Hesabu ya meli inasema vingine. Uingereza, Kenya, Tanzania na Uganda zote zinaendesha upande wa kushoto. Kenya huruhusu gari lililotumika liingie nchini likiwa halijazidi miaka minane. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari yenye miaka 15 au zaidi. Gari litakalouzwa Birmingham mwaka 2027, na vihisi vyake na programu yake, linaweza kushushwa bandarini Mombasa kabla mwaka 2035 haujaanza. Litakuja na macho yaliyochaguliwa leo. Breki zake zinazojifunga zitakuwa zimefundishwa ni nani anayevuka barabara, kwa sura gani na kwa mwanga upi. Huku linakokwenda, usiku hukaa takriban saa 12 mwaka mzima, barabara kuu nyingi hazina taa, na wanafunzi huanza kutembea kwenda shule kabla hapajapambazuka. Barabara ya Tanzania–Zambia inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, ambako twiga, nyati na swala huvuka watakapo, na wengi wao hufa hapo usiku. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, zaidi ya tisa kati ya kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wenye kufa ndio wasioulizwa wakati kanuni zinaandikwa.

Kanuni zenyewe bado zinaweza kubadilishwa, na ndiyo maana jambo hili linahitaji kusemwa sasa. Sheria ya 2024 inamtaka waziri wa usafiri wa Uingereza atoe tamko la misingi ya usalama, na maoni ya umma juu yake yalianza kukusanywa mwaka 2025. Jumuiya za Waafrika Mashariki walioko Birmingham, ambao ni walipa kodi, wapiga kura na wazazi wa watoto wanaovuka barabara hizo, zina haki ya kuandika na kudai mambo yaliyo wazi. Gari lijaribiwe usiku kwenye barabara isiyo na taa, kwa sanamu za watoto na za watu wazima, zenye ngozi za rangi zote na nguo wanazovaa watu halisi, zikiwamo buibui, hijabu na jaketi za kuakisi. Matokeo yachapishwe kwa kila kundi, yasichanganywe kuwa wastani mmoja unaoficha nani ameshindwa kuonekana. Na gari lisiloweza kufaulu kwa kamera za kawaida lisipewe ruhusa ya kujiendesha usiku mpaka lifungwe zile zinazofaulu. Marekani imeshasogea hatua moja: kanuni yake ya Aprili 2024 inataka magari mapya, ifikapo Septemba 2029, yaweze kufunga breki yenyewe mbele ya mtembea kwa miguu mchana na usiku. Kama kiwango hicho kinalidai gari lenye dereva, gari lisilo na dereva haliwezi kudaiwa kidogo zaidi.

Nairobi na Dodoma zina kazi yao pia, tena isiyohitaji maabara ya mabilioni. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, tayari hudai magari ya mtumba yakaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Ukaguzi huo uongezewe kipengele cha kuangalia kama vihisi vya breki za kujifunga bado vinafanya kazi, kwa kuwa kamera iliyohama nyuzi mbili tu baada ya kioo cha mbele kubadilishwa hutazama pembeni ya barabara. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Grogan, Nairobi, wapewe mafunzo ya kuzirekebisha kabla gari la kwanza la namna hiyo halijaingia gereji zao likiwa na taa ya onyo inayowaka kwenye dashibodi na mwenye gari anayetaka tu izimwe. Na kwa kuwa watengenezaji wanahitaji mahali penye joto, vumbi, giza na wanyama ili kupima vifaa vyao kwa ukamilifu, Turkana na Mikumi zina kitu cha kuwauzia: kilomita chache za barabara ya majaribio, kwa mkataba unaosema kwamba takwimu zitakazokusanywa hapo zitabaki pia mikononi mwa vyuo vya hapa.